Barua kwa Msafiri Asiyetafuta Kazi

Masomo ya wiki: Matendo ya Mitume 8:26–40, Warumi 16:1–2, Luka 15:11–24



Yule mtu wa Kushi ambaye Filipo alimkuta garini kwenye njia ya jangwa alikuwa na kazi yake nyumbani. Luka anatuambia waziwazi kwamba alikuwa towashi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Wakushi, mtu mwenye mamlaka. Hakutolewa kwao na shida ya mshahara. Alikwenda Yerusalemu kuabudu, safari ambayo ukifuata mto Nile inazidi kilomita 2,000 kwa kwenda peke yake, na alipokwisha kuabudu akageuza gari kurudi kwao. Ni katika kurudi ndipo alipokuwa akisoma Isaya, akauliza asichokielewa, akafundishwa, akaona maji, akabatizwa, akashika njia yake akifurahi. Maandiko hayasemi alirudi na mzigo gani. Hayasemi alijuana na mkubwa gani mjini wala kwamba alipata koneksheni yoyote.

Somo hili sijaliacha wiki nzima kwa sababu ya barua niliyoombwa kuandika. Mnazijua barua zinazotoka katika meza ya mchungaji hapa Nkuhungu. Mama anayempeleka mtoto Hospitali ya Benjamin Mkapa na hana bima huandikiwa. Mwanafunzi aliyekwama ada huandikiwa. Anayehamia Mwanza au Dar es Salaam huandikiwa ili kanisa la huko limpokee. Siku hizi imeongezeka barua nyingine, ya kijana anayetaka kwenda Uarabuni, Poland, Kanada au popote patakapopatikana kibarua. Wakala anataka kanisa lithibitishe kwamba binti huyu ni mwaminifu, ni mchapakazi, na kwamba ni mtiifu. Hilo la mwisho hunikaa rohoni kila ninapolikuta kwenye fomu zao. Sijawahi kuona fomu inayomtaka mwajiri naye athibitishwe tabia na mchungaji au imamu wa kwao.

Kijana aliyekuja Jumanne hakuwa na fomu. Amehitimu chuo kikuu hapa hapa Dodoma, anaishi na mama yake, na anaendesha bodaboda ya mjomba wake huku akisubiri. Kwa muda mrefu ametafuta kazi nje. Amejaza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani pale steshenari, ambayo nafasi zake hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Amefanyiwa usaili kwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa yuko Dubai. Aliambiwa alipe fedha za kushughulikia karatasi, akaanza kuziweka kidogo kidogo, na alipokaribia kuzitimiza kiasi kikapandishwa. Akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba mchungaji, ile hela simpi tena wakala. Naomba uniandikie barua nisafiri nayo. Siendi kufanya kazi. Naenda kuona."

Nikamuuliza kuona wapi. Akatoa daftari. Anataka kupanda treni ya zamani ya Reli ya Kati hadi Kigoma, afike Ujiji, kisha arudi mashariki akifuata njia ya misafara: Tabora na Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya, hadi Bagamoyo baharini. Kutoka huko atakwenda Dar es Salaam, apande treni mpya ya umeme arudi nyumbani. Njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, na vituo alivyoviandika ndivyo vilivyotajwa humo. Inapita katika nchi yetu ya Ugogo. Mimi mwenyewe nimeshafika Kilimatinde na Mpwapwa kwa mikutano ya kanisa, na sikumbuki mtu yeyote aliyesimama katikati ya mkutano akatuambia kwamba watu walipita hapo na minyororo shingoni wakipelekwa kufanya kazi nchi za mbali.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba siwahukumu wanaotafuta kazi nje. Jiji letu limekua mbele ya macho yetu. Serikali imehamia tangu 2016, katika Mji wa Serikali wa Mtumba wizara zimesimama, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Mtakatifu Yohana, vilivyoanza mwaka 2007, vimekuwa vikitoa wahitimu, na nyumba nyingi za Nkuhungu zina wapangaji. Ila ajira hazikukua kwa mwendo huo. TRA ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025, walioomba walizidi 100,000. Kijana aliyekaa katika usaili wa namna ile ana haki ya kutazama nje, na mchungaji anayemwambia tulia tu nyumbani Bwana atatenda, bila kumwonyesha chochote cha kushika, anamwongezea mzigo.

Lakini nina wajibu wa kusema ninayoyajua. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya dada zetu wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wanawake 50. Wanawake hao walisimulia pasipoti kuchukuliwa na waajiri, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, na kazi za kutwa na usiku ambazo kwa wengine zilifika saa 21 kwa siku. Chini ya utaratibu wa kafala ukaazi wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, kwa hiyo anayetoroka mateso ndiye anayehesabiwa mkosaji. Februari 2025 dunia iliona maelfu ya watu wakitolewa katika makambi ya utapeli wa mtandaoni kule Myawaddy, Myanmar, na miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda, wengi wakiwa wameahidiwa kazi nzuri za ofisini Thailand. Wasichana wa Uganda na Kenya wameitwa Tatarstan, Urusi, kwa matangazo ya masomo na kazi, wakajikuta kiwandani wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Wapo pia waliokwenda, wakalipwa, wakajenga, wakasomesha wadogo zao, na Mungu asifiwe kwa ajili yao. Atakayekwenda aje kwetu na mkataba kabla hajautia saini, ulioandikwa kwa lugha anayoielewa. Aulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wakala huyo ana leseni. Nakala ya pasipoti ibaki nyumbani. Kwa hayo tuna wazee wa kanisa wenye uzoefu wa utumishi serikalini, na wako tayari kusaidia.

Sasa nirudi kwa kijana. Alhamisi jioni tulikutana jumuiya nyumbani kwao, na habari ilikuwa imeshaenea. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana na ambaye amenilea katika mengi tangu nije hapa, aliuliza, "Safari ya nini?" Wengine wakaitikia. Ni swali halali, na nililitafakari nilipokuwa narudi nyumbani usiku ule. Sisi tuna sababu zetu za safari. Tunasafiri kwa msiba. Tunasafiri kwa harusi, kwa matibabu, kwa shule, kwa kazi, na kwa mkutano wa Injili. Mtu akipanda basi stendi ya Nanenane kwa sababu mojawapo ya hizo, jumuiya itamchangia nauli na kumwombea. Akisema anakwenda kuona nchi ya Mungu na watu wake, tunamwita mzururaji, hata kama ni mtu mzima na nauli ni yake. Watalii tunawapisha na kuwaonyesha njia, lakini hatujazoea kumwona mtoto wetu katika nafasi ile.

Nafikiri hofu hii ina mizizi mirefu, na ni ya kuheshimiwa. Bibi zetu wa Ugogo walisafiri kwa njaa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na kisha Waingereza walipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakosekana, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walitawanyika kwenda kuhemea, na wengi hawakurudi. Nchi inayokumbuka jambo hilo haitamruhusu mtoto aondoke bila kuuliza anakwenda kuleta nini. Elimeleki naye aliondoka Bethlehemu kwa njaa kwenda Moabu, akafia huko yeye na wanawe wawili. Aliyerudi ni Naomi, akiwaambia wanawake wa mjini kwamba alitoka amejaa na amerudishwa mtupu.

Hata hivyo, njaa haikuwa sababu pekee ya kusafiri katika nchi hii. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita Ugogo kila kiangazi wakienda pwani. Ilikuwa kazi ngumu, na walilipwa. Lakini wanahistoria wanatuambia kwamba kwa kijana wa Unyamwezi kuiona bahari kulihesabika sehemu ya kuwa mtu mzima. Alikwenda, akaona, akajifunza Kiswahili, akarudi wakati wa kilimo akiwa na maneno ya kusimulia. Kazi na kuona dunia vilikuwa kitu kimoja, na kurudi kulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Babu zetu wa Ugogo walikaa njiani, wakauza mtama na maji, wakatoza hongo ya kupita, wakatazama ulimwengu mzima ukipita mbele ya tembe zao. Hatuwezi kusema kwamba safari ni kitu kigeni kwetu.

Ndugu zetu Waislamu wanamkumbuka Ibn Battuta. Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21 kwenda hija, na hamu ya kuona ikamchukua mbali kuliko alivyokusudia. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Huko Delhi na Maldivi alifanywa kadhi. Kazi ilimkuta njiani, akaifanya, akaendelea na safari, na mwishoni akarudi Moroko kusimulia. Na sisi wenyewe tunaye Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1938. Alikua akichunga ng'ombe na kujifunza nyimbo za Kigogo. Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ilimba yake ikamfikisha Ulaya, Asia na Marekani. Hakwenda kule kuomba kibarua. Alikwenda na kitu alichopewa nyumbani, watu wakanyamaza kumsikiliza, naye akarudi Bagamoyo, akafia huko mwaka 2003. Mtoto wa Ugogo anaweza kuingia nchi ya watu kama mgeni mwenye chake, na nataka vijana wetu walijue hilo kabla hawajaona fomu ya kwanza ya wakala.

Mle ndani ya jumuiya, kilichonigusa kuliko swali la mzee ni maneno ya mama wa kijana. Alikuwa amenyamaza muda wote akigawa chai. Akasema, "Baba mchungaji, mtoto akienda Oman nitawaambia watu yuko Oman. Akienda Ujiji akarudi, nitawaambia nini?"

Mama huyu alisema kweli kwa niaba yetu sote. Ndani ya maneno yake mna kitu tunachowafanyia watoto wetu bila kukusudia. Tunapomsindikiza anayekwenda kutafuta kazi, tunamfungia mlango nyuma yake. Tumeuza ng'ombe, tumechanga, tumemwombea mbele ya kanisa, na sasa kila mwezi tunaulizana kama ametuma. Asipotuma, ndugu wanaanza kunong'ona. Akiteswa, anajua kwamba kurudi bila kitu ni aibu itakayomsubiri kuanzia stendi. Ndivyo anavyovumilia yasiyovumilika. Kule Cape Town wapo vijana wa Kitanzania wanaoishi chini ya madaraja karibu na bandari, wakisubiri nafasi ya kuzamia meli. Mwandishi wa Afrika Kusini, Sean Christie, alikaa nao muda mrefu na mwaka 2016 akatoa kitabu juu ya maisha yao. Wanalala kwenye baridi, wanakamatwa, wanatupwa bandari za mbali, wanajaribu tena. Nawafikiria mama zao, na najiuliza ni wangapi kati ya vijana wale wangepanda basi la kurudi Tanzania kesho kama wangekuwa na hakika kwamba nyumbani hakuna atakayewauliza wameleta nini.

Hapa ndipo Luka 15 inaposema nasi. Yule mwana mdogo alikwenda nchi ya mbali, fedha zikaisha, njaa ikaingia, akaajiriwa na mwenyeji wa huko kulisha nguruwe. Alipozingatia moyoni akatunga maneno ya kumwambia baba yake, na katika maneno hayo alipanga kuomba nafasi ya mtumishi wa mshahara. Angalieni alivyokuwa amezoea. Hata nyumbani kwa baba yake alikuwa akitafuta ajira. Aliona kwamba njia pekee ya kukubaliwa ni kuwa na faida. Akafika, akaanza kusema, akakiri dhambi yake, na kabla hajafika kwenye ombi la kazi, baba akawa ameshawageukia watumwa, akiagiza vazi, pete na viatu. Sentensi ile ya ajira haikumalizika. Baba hakutaka kuisikia, kwa sababu aliyerudi alikuwa mtoto wake.

Nawasihi wazazi wa Nkuhungu tuisome sura hiyo tukiwa upande wa baba. Mtoto aliyeko Muscat, Doha, Johannesburg au Istanbul ajue kwa kinywa chako mwenyewe, kwa simu, wiki hii, kwamba anaweza kurudi mikono mitupu akapokelewa. Usisubiri akuulize. Hatakuuliza.

Na huyu anayetaka kwenda Ujiji anafanya jambo ambalo wengi wa wenzake hawakupewa nafasi ya kulifanya. Anatoka akiwa huru kurudi. Hadaiwi na mtu. Pasipoti yake, kama angeihitaji, ingebaki mfukoni mwake. Akichoka Tabora atageuza. Akikuta watu wema Kigoma atakaa siku mbili zaidi. Atajifunza namna ya kuuliza njia, ya kula chakula cha watu bila kukunja uso, ya kutambua mtu anayedanganya, ya kulala mahali pageni na kuamka akijua yuko wapi. Iwapo siku moja atakwenda ng'ambo kwa kazi, atakwenda akiwa mtu aliyewahi kusafiri, na hilo litamlinda kuliko semina ya siku moja ya wakala.

Najua jibu lililo midomoni mwa wengine: hizo ni raha za wenye nacho. Fedha ile ingelipa bati, au mtaji wa mbuzi. Nakubali kwamba kuna nyumba ambazo kwao jibu hilo ndilo sahihi, na hakuna mchungaji atakayemlazimisha mama mwenye watoto wenye njaa amruhusu mkubwa wao akatembee. Lakini tuhesabu kwa haki. Nauli ya treni ya umeme daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilipangwa kuwa shilingi 31,000 ilipoanza kufika kwetu Julai 2024. Pasipoti ya kielektroniki tangu 2018 ni shilingi 150,000, na kijana huyu haihitaji kwa sababu hatavuka mpaka. Anachokwenda kutumia katika njia yote ni sehemu tu ya kile alichotakiwa kumpa mtu asiyemfahamu kwa ahadi ya karatasi ambayo hajaiona. Kwa ahadi ile hatukumwuliza ni ya nini. Tulimwombea.

Tena huenda mtu wa Kushi hakupokelewa vizuri kule alikokwenda. Torati katika Kumbukumbu 23 ilimzuia towashi kuingia katika kusanyiko la Bwana. Kama sheria hiyo ilishikwa siku ile, basi mkubwa huyu alisafiri kilomita zote zile akasimama ua wa nje akitazama wengine wakiingia. Vijana wetu waliokwisha kunyimwa viza dirishani wanaweza kuelewa alivyojisikia. Lakini alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, naye yuko sehemu inayosema juu ya mwana-kondoo anayepelekwa machinjoni, sura ya 53. Laiti angeendelea kufungua kidogo tu mbele, angekuta katika sura ya 56 ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye, kwamba towashi atapewa ndani ya nyumba ya Bwana jina lililo bora kuliko la wana na binti. Roho hakumngoja afike kwenye sura hiyo. Alimtuma Filipo kwenye gari lile barabarani, mahali pasipo na hekalu wala ofisi, naye Filipo akakimbia pembeni yake mpaka akakaribishwa apande. Kisha wakafika penye maji. Katika nchi kame kama yetu tunajua uzito wa kukuta maji njiani.

Mungu hukutana na watu njiani. Abrahamu aliitwa atoke asijue aendako. Wale wawili wa Emau walikuwa wakitembea. Mamajusi walikuja kutoka mashariki kumwona mtoto na kumpa zawadi, wala hawakubaki Bethlehemu. Walirudi kwao kwa njia nyingine. Sisemi kwamba kila nauli ni wito wa Mungu. Nasema kwamba kanisa lililojengwa na watu wa njiani lisimtazame msafiri kama mtu aliyepotea.

Na kanisa hilo hilo ndilo lililoanza desturi ya barua hizi. Paulo katika Warumi 16 anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Anawaomba ndugu wa Rumi wampokee katika Bwana kama iwapasavyo watakatifu, wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji kwao. Wengi wanaamini kwamba Fibi ndiye aliyeubeba waraka wenyewe. Kuhusu shughuli zake nyingine Rumi Paulo hakueleza chochote, wala hakuwataka wenyeji wamhoji. Alieleza yeye ni nani, akaomba apokelewe. Nimeifuata barua hiyo. Nimeandika kwamba mwenye barua hii ni mtoto wetu, amebatizwa na kulelewa hapa Nkuhungu, anasafiri kwa hiari yake kuiona nchi na kujifunza, hatafuti kazi wala msaada wa fedha, na tunaomba apewe mahali pa kulala na watu wa kuzungumza nao. Nimeweka saini na muhuri. Mama yake ameisoma, akaikunja, akamwekea ndani ya Biblia. Hajaridhika bado, na sikutaka kumharakisha.

Kwa mabinti jambo hili ni gumu zaidi, na sitaki tulipite haraka kama tunavyozoea. Ni ajabu na inauma kwamba tuko tayari kumpeleka binti wa miaka 20 peke yake katika nyumba ya mtu tusiyemjua ng'ambo ya bahari, lakini tunaogopa aende Kondoa na wenzake Jumamosi. Hofu ya njiani ni ya kweli. Mabinti wenyewe wananieleza wanayokutana nayo stendi na nyumba za wageni. Basi dawa yake tuitafute kwa pamoja. Katika kikundi cha vijana mabinti wameomba waende Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mahali hapo pamo ndani ya mkoa wetu wenyewe, pana maeneo zaidi ya 150 yenye michoro, na barabara ni ya lami hadi Kondoa na kupita. Nilipouliza baada ya ibada ya kwanza ni nani amewahi kufika, mikono iliyoinuliwa ilikuwa michache sana, na mmoja wao alikuwa dereva wa watalii.

Akina mama wawili wa jumuiya wamejitolea kuwasindikiza. Gari linaondoka mbele ya kanisa Jumamosi saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni siku hiyo hiyo; kila mmoja aje na maji, chakula cha mchana na kofia, kwani miambani ni kupanda kwa miguu na jua la huko halina huruma. Wenye ndugu Manyoni, Itigi, Tabora, Kigoma, Mpwapwa au Bagamoyo wanaoweza kumlaza kijana wetu usiku mmoja, wampe katibu wa parishi namba zao za simu kabla ya Jumatatu, kwa sababu treni yake ni Jumatatu usiku.